Mashamba ya Ng'ambo Yangoja Vijana wa Mji wa Kale

Baada ya sala ya Alasiri, baraza za Kibokoni, Kuze na Mkanyageni hujaa vijana. Wengine wamemaliza kidato cha nne, wengine wana stashahada, na wengi wao wangoja. Wangoja meli, wangoja jamaa aliyeko Maskati alete habari ya viza, wangoja kazi ya bandarini waliyoahidiwa na ami yao tangu mwaka juzi. Waulize wana hao habari za shamba, na karibu kila mmoja atakwambia kwamba kwao lilikuwako. La babu lilikuwa Kisauni. Minazi ya bibi ilikuwa Mtwapa. Mwingine atasema kwao ni Likoni, kisha aongeze kwa haya kidogo kwamba yeye mwenyewe hajafika. Neno "shamba letu" lingali hai katika majumba yetu, ingawa waijuao njia ya kwendea huko ni wachache, na waujuao wakati wa kupanda ni wachache zaidi.

Makala haya yanawalenga wazazi kuliko vijana, maana mafunzo ya kilimo yako karibu nasi na vijana wanaoyataka wapo. Kinachomzuia kijana mara nyingi kipo nyumbani kwake.

Watu wa Mvita walikuwa wakulima tangu zamani. Thenashara Taifa hawakuishi kwa biashara na bahari peke yake. Walikuwa na makonde yao bara, wakipanda mtama, mahindi na mpunga, pamoja na minazi na miembe. Kabla ya daraja la maboya la Nyali kufunguliwa mwaka 1931, walivuka kwa mashua na mitumbwi. Zilipokaribia mvua za mwaka, jamaa nzima zilihamia ng'ambo, na mji ukapungua watu. Daraja tulitumialo leo lilijengwa mwaka 1980, na mtu hufika Kisauni kwa matatu kabla kahawa yake haijapoa. Safari imekuwa nyepesi, lakini wasafiri wa shamba wametoweka.

Hapa yafaa tuseme ukweli, hata kama unachoma. Mashamba makubwa ya pwani katika karne ya 19 hayakulimwa na wenyewe tu. Yalilimwa na watumwa, na utumwa haukuondolewa kisheria katika pwani ya Kenya hadi mwaka 1907. Mwaka uliofuata, 1908, ikaja sheria ya hatimiliki za ardhi ya pwani, iliyomtaka kila mwenye kudai ardhi alete ushahidi wake. Wako waliopata hati na wako waliokosa. Wengi waliokuwa wakilima kwa miaka mingi walijikuta wakiitwa maskwota juu ya ardhi waliyoizoea, na malalamiko hayo hayajesha hadi leo. Basi mwenye kusimulia habari za "shamba la babu" asiisahau mikono iliyolishika jembe.

Nalitaja jambo hili kwa sababu moja. Dharau tuliyo nayo kwa kazi ya shamba, kwa maoni yangu, ni mabaki ya enzi ile. Mzazi asemapo, "Nimemsomesha mwanangu, leo akashike jembe?", hujui kama ayasikia maneno yake mwenyewe. Jembe liligawanywa na kazi ya heshima siku zile ambapo mwenye kulishika hakuwa na hiari. Siku hizo zimepita, na dharau imebaki bila ya sababu yake.

Katika dini yetu dharau hiyo haina mahali. Sote tumesikia katika darsa ile hadithi ya Mtume (S.A.W.), iliyopokewa na Bukhari na Muslim, kwamba Mwislamu anayepanda mti au mmea, kisha akala humo ndege, mtu au mnyama, huandikiwa sadaka. Wanazuoni wameieleza kwa urefu. Ajabu ni kwamba tunaisoma msikitini na kumkemea mtoto anayetaka kuifanyia kazi.

Kwa wale wanaosema kwamba ardhi ya huku imechoka na haifai, tuna mfano mlangoni petu. Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza kazi mwaka 1954, na kwa kuchimba mawe ya matumbawe kiliacha mashimo makubwa, ardhi nyeupe iliyoungua kwa jua, bila ya udongo, na chini yake maji yenye chumvi. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, René Haller, alianza kujaribu kuipanda. Alijaribu aina 26 za miti, na iliyostahimili ilikuwa mitatu tu, mnazi na mvinje ukiwa miongoni mwao.

Mvinje ndio uliofanya kazi kubwa, lakini hata wenyewe ulikuwa na tatizo. Majani yake membamba yalianguka na kurundikana, wala hayakuoza. Aliyekuja kuokoa jambo alikuwa jongoo, yule mdudu ambaye watoto wetu humgusa kwa kijiti ili ajiviringe. Haller alimwona mmoja akila majani hayo, akaagiza wakusanywe na kuletwa wengine wengi. Jongoo walikula, kinyesi chao kikawa udongo, udongo ukaongezeka mwaka baada ya mwaka, ikamea miti mingine, na ndege na wanyama wakaja. Leo ni Haller Park, mahali tunapowapeleka watoto siku za Idi kutazama twiga na kiboko. Wachache wetu huwaambia kwamba pale wanaposimama palikuwa jabali tupu. Mtoto akirudi kutoka huko akamjua jongoo kuliko twiga, amefaidika.

Funzo la Bamburi ndilo moyo wa kile kinachoitwa kilimo endelevu. Mkulima huulisha udongo kwanza, na udongo humlisha yeye. Mbolea ya dukani huupa mmea chakula cha msimu mmoja, ilhali samadi, mboji na majani yanayofunika ardhi huujenga udongo wenyewe. Kwa mchanga wetu wa pwani, usioweza kushika maji wala rutuba kwa muda mrefu, jambo hili si la kuchagua. Mvua za mwaka hutupiga kwa nguvu, hasa mwezi wa Mei, na ardhi iliyoachwa uchi hupoteza kwa siku moja kile ilichokikusanya kwa miezi.

Wakfu uitwao kwa jina la Haller uliendeleza kazi hiyo miongoni mwa wakulima wadogo. Kituo chake cha mafunzo kiko Mtopanga, Kisauni, na bustani yake ya mfano humwonyesha mtu mwenye kipande kidogo cha ardhi namna ya kukitumia chote. Kaskazini zaidi, Mtwapa, kuna kituo cha utafiti cha KALRO, na huko huko Mtwapa kuna chuo cha serikali cha kuwafundisha wakulima. Na mwenye mtoto anayetaka shahada akumbuke kwamba Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi kilisimama mahali pa chuo cha kilimo. Kilikuwa chuo kishiriki mwaka 2007, na mwaka 2013 kikapewa hadhi kamili. Hakuna hata pamoja katika hapa palipo mbali na Mji wa Kale kiasi cha kuwa udhuru.

Lakini mafunzo yenye faida kubwa kwa kijana wa mjini ni yale yanayoitwa shamba darasa. Njia hii ilianza Indonesia mwaka 1989. Wakulima wa mpunga wa nchi ile walikuwa wametiliwa mkazo wapige dawa za wadudu kwa wingi. Dawa ziliwaua pia buibui na wadudu wengine wanaokula waharibifu, na hao waharibifu wakazidi badala ya kupungua. Mwaka 1986 serikali ilipiga marufuku aina 57 za dawa katika mashamba ya mpunga. Ilibaki kuwafundisha wakulima waishi bila ya dawa hizo, na hapo Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilisaidia kuanzisha madarasa yaliyofanyika shambani, chini ya mti, bila ya ubao wala dawati. Kutoka huko njia hiyo ikaenea, na imekuwako Kenya, Tanzania bara na Zanzibar kwa miaka mingi sasa.

Namna yake ni hii. Watu 20 hadi 30 hukutana mara moja kwa wiki, tangu kupanda hadi kuvuna. Huwa na vipande viwili vya ardhi vilivyo karibu. Kimoja hulimwa kama ilivyozoeleka mtaani, na cha pili hulimwa kwa njia mpya wanayotaka kuijaribu: pengine mahindi yaliyochanganywa na kunde, pengine mhogo uliofunikwa matandazo ya majani makavu. Kila wiki hugawanyika katika makundi madogo, huingia shambani asubuhi, huhesabu majani, hugeuza jani kutazama mayai ya wadudu, hupima urefu, hushika udongo mkononi. Kisha hurudi kivulini na kuchora walichokiona. Kila kundi husimama na kueleza, na wengine huhoji. Mwishoni huamua pamoja la kufanya wiki ile. Mwalimu yupo, lakini akiulizwa "Huyu ni mdudu gani?" hujibu kwa swali: "Mmemwona akila nini?"

Kwa kijana aliyezoea kunakili darasani, hili ni jambo geni. Wiki za mwanzo huchoka. Wiki ya tano au ya sita hivi huanza kubishana, na hapo ndipo elimu inapoingia. Hugundua kwamba vunjajungu ni rafiki. Hugundua kwamba kunde zimeifunika ardhi na magugu yamekosa nafasi, tena mizizi yake huuongezea udongo naitrojeni ambayo mahindi huihitaji. Huchuma majani ya mwarobaini yaliyo kila uchochoro wa Mombasa, huyaponda na kuyaroweka usiku mzima, huchuja na kunyunyizia mboga, na kuona mwenyewe nini kimepungua na nini hakikupungua. Mwarobaini hauui kila kitu, na shamba darasa zuri humwacha kijana alione hilo pia.

Mikutano hiyo ina faida nyingine ambayo haimo katika mitaala. Kijana wa Kuze huketi mkeka mmoja na kijana wa Kigiriama aliyekulia shambani, na hujifunza kutoka kwake. Mwenzake ajua kuutambua mnazi ulioingiliwa na mdudu kileleni kabla majani hayajaonyesha. Ajua ni mboga gani za mwituni, mnavu na nyinginezo, huota zenyewe baada ya mvua na kuliwa. Wa mjini naye huenda ajua hesabu, ajua kuandika barua ya kuomba mkopo, na ajua nani Marikiti hununua bamia kwa bei nzuri. Nikikumbuka niliyoyaeleza juu kuhusu mashamba ya zamani, naona kuketi huko pamoja kuna uzito wake.

Sasa nizungumze na kina mama kuhusu binti zetu. Nimewasikia wengi wakisema, "Mvulana sawa, lakini msichana aende wapi huko porini?" Wasiwasi huo haufai kuchekwa. Ni haki ya mzazi kuuliza mafunzo ni saa ngapi, nani atakuwako, wanawake wana mahali pa faragha na pa kusalia au hawana, na binti atarudi kwa usafiri gani. Waandalizi wenye adabu hujibu maswali haya bila ya kununa. Yako pia makundi ya wanawake watupu, na pasipokuwa nalo, kina mama 20 wa mtaa mmoja waweza kulianzisha na kumwomba ofisa wa kilimo wa kaunti awajie. Tunavyo vyama vya kuchangiana kila mwezi kwa ajili ya vyombo na harusi. Chama kinachoweza kukusanya fedha za sufuria chaweza kukusanya nauli ya kwenda Mtwapa.

Na kwa asiyeweza kutoka kabisa, somo laanzia jikoni. Nyumba zetu hutupa kila siku machicha ya nazi, maganda ya ndizi na mihogo, majani ya chai na maganda ya mayai. Hayo ni mboji. Tia vijiti na majani makavu chini ya pipa lililotobolewa, kisha mabaki ya jikoni, kisha udongo kidogo au samadi ya mbuzi, na rudia hivyo. Yalowe kama kitambaa kilichokamuliwa, yasizidi. Geuza kila baada ya wiki mbili au tatu. Chomeka kijiti katikati; kikitoka na joto, kazi inaendelea. Baada ya miezi mitatu hivi utapata udongo mweusi unaonukia kama msitu baada ya mvua. Usitie nyama wala mifupa ya samaki, maana paka wa Mji wa Kale hawahitaji kualikwa mara mbili.

Udongo huo hutiwa katika gunia. Simamisha mkebe usio na tako katikati, ujaze kokoto, zungushia udongo, kisha uvute mkebe juu na kuujaza tena, hata gunia lijae na kokoto zibaki katikati kama nguzo. Maji hupitia humo na kufika chini. Toboa ubavuni na upande miche ya sukuma wiki. Mchicha uupande juu. Mchicha huchumwa baada ya wiki tatu au nne. Ila natahadharisha: udongo uliolowa ni mzito sana, na nyumba nyingi za hapa zina dari za boriti zilizokaa miaka mia na zaidi. Magunia yakae uani, chini, si darini.

Maji je? Visima vingi vya kisiwani ni vya chumvi, na maji ya mfereji twayajua. Lakini kila msikiti wa mji huu humwaga maji ya udhu mara tano kwa siku. Katika madhehebu yetu ya Shafi, maji yaliyokwisha kutumika kwa udhu wa faradhi ni tohara, ingawa hayatoharishi tena. Kuyanyunyizia mimea hakuna ubaya. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos, Oman, walijenga mtambo mdogo kando ya msikiti wa kuyachuja maji ya udhu ili yamwagilie bustani, na kazi yao ilichapishwa mwaka 2006. Misikiti yetu si maskini wa mafundi. Kijana mmoja mwenye elimu ya bomba, pamoja na wenzake waliotoka shamba darasa, wangeweza kuiendea kamati ya msikiti wakiwa na mchoro mkononi.

Linabaki jambo zito kuliko yote, nalo ni ardhi. Mafunzo bila ya mahali pa kulima huyeyuka. Jamaa nyingi za hapa zina shamba ng'ambo ambalo marehemu babu aliliacha na halikugawanywa hadi leo. Warithi walikuwa watano, sasa ni 40, wengine wako Jeddah na Toronto, na kila mmoja aogopa kwamba anayelima leo atadai kesho. Basi shamba hukaa vichaka, au huuzwa na mmoja kwa siri, au huvamiwa. Mirathi ni katika mambo ambayo Katiba ya mwaka 2010 imeyaweka chini ya Mahakama ya Kadhi. Kuifungua kesi ya mirathi si kuvunja udugu. Anayeuvunja udugu mara nyingi ni yule anayeichelewesha. Na kabla mirathi haijakamilika, warithi waweza kukubaliana kumpa kijana wao eka moja kwa misimu minne, kwa maandishi, mbele ya mashahidi, yakieleza kwamba amepewa matumizi wala si milki, na kwamba atapanda mboga na nafaka, si minazi. Sharti hilo la mwisho ni la lazima. Mnazi mrefu hungoja miaka sita au saba kabla ya kuzaa, na mwenye kupanda mnazi juu ya ardhi ya watu amejipandia ugomvi. Dini yetu imetuamuru kuandika deni dogo na kubwa, na sisi twaona haya kumwandikisha mpwa wetu eka moja.

Kijana atakayevuna nafaka aijue pia haki iliyomo ndani yake, maana hili halifundishwi Mtwapa. Kwa Shafi, zaka ya mazao ni katika vyakula vinavyowekwa akiba, kama mahindi, mpunga na mtama, yafikapo nisabu ya wasaki tano, ambayo wengi huikadiria kuwa kilo 650 hivi, yaani magunia saba ya kilo 90 na kitu. Lililonyeshewa na mvua hutolewa sehemu moja ya kumi, na lililomwagiliwa kwa gharama, nusu ya hiyo. Ndugu zetu wa Hanafi huingiza mboga pia, basi kila mmoja amwulize sheikh wake. Hutolewa wakati wa mavuno, haingoji mwaka kutimia.

Wazazi ambao watoto wao watataka kuanza msimu huu wawaulize mambo matatu kabla ya kuwapa nauli: darasa hukutana siku gani, kuna kipande cha ardhi cha kujaribia au ni maneno ya ukumbini tu, na baada ya kuvuna nani huwafuatilia. Kijana atahitaji viatu vya kufunika, kofia, daftari na chupa ya maji. Jembe atalikuta huko. Na siku ya kwanza arudipo na matope miguuni, mwacheni apite ukumbini.